Serotonini kabla ya ubongo: mkono wa mama katika ujenzi wa moyo

Ndugu wasikilizaji, wauguzi na wakunga, wanafunzi wa sayansi, na ninyi wazazi mliokuja kwa sababu neno "moyo" lilionekana kwenye mwaliko: naomba nianze na yai la kuku.

Chukueni yai lenye mbegu lililoatamiwa kwa siku 3. Toboeni ganda upande ule mnene ambako hewa hukaa, kisha ondoeni kipande kidogo kwa koleo nyembamba. Juu ya kiini cha njano mtaona mishipa ya damu iliyosambaa kwa umbo la duara, na katikati ya duara hilo nukta nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, inayorukaruka bila kupumzika. Aristotle aliiona nukta hiyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita na akaandika kwamba inaruka kana kwamba ina uhai wake. Nimewaonyesha wanafunzi jambo hili mara nyingi, na kila mara yupo anayeuliza ni kitu gani kinachouamuru moyo huo udunde, maana ubongo wa kifaranga siku hiyo ni mrija ulioanza tu kuvimba, na hakuna neva hata moja iliyokwisha kuufikia moyo. Jibu la swali lake ni kwamba misuli ya moyo hujidundisha yenyewe. Lakini nyuma ya swali hilo kuna lingine ambalo ndilo limenileta hapa: kama neva hazijafika, ni ujumbe gani unaoziambia seli za moyo zigawanyike, zihame, zikunjamane, na hatimaye ziwe vyumba vinne vyenye vali? Ujumbe huo ni mwingi, na sehemu yake moja ni kemikali ambayo watu wengi hudhani kazi yake ni furaha tu, yaani serotonini.

Sifa hiyo ya "kemikali ya furaha" ni changa kuliko historia ya serotonini yenyewe. Mtaliano Vittorio Erspamer aliikuta utumboni katika miaka ya 1930 akaiita enteramini. Mwaka 1948, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, wakifanya kazi Cleveland nchini Marekani, waliitenga kutoka kwenye majimaji ya damu iliyoganda, wakaipa jina lenye maana ya kitu cha majimaji ya damu kinachokaza mishipa. Baadaye ikabainika kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Ilipofika mwaka 1953 ndipo Betty Twarog alipoonyesha kwamba imo ubongoni pia. Kwa hiyo ilijulikana utumboni kwanza, ikajulikana katika damu, na ubongo ukaja mwisho; na mpangilio huo unalingana na hali halisi, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili wa mtu mzima hutengenezwa na seli za utumbo. Inapoingia kwenye damu hubebwa na chembe sahani, zile chembe zinazosaidia damu kuganda, ambazo haziwezi kuitengeneza zenyewe bali huifyonza.

Mwili huitengeneza kutokana na triptofani, ambayo ni asidi amino tunayoipata katika chakula. Kimeng'enya kinachoanzisha kazi hiyo kipo cha aina mbili, na tulilijua hilo mwaka 2003 tu, wakati watafiti wa Berlin walipogundua kwamba panya aliyenyimwa jeni moja ya kimeng'enya hicho alipoteza karibu serotonini yote ya damu huku ubongo wake ukiwa nayo kama kawaida. Jeni iliyoondolewa inaitwa Tph1, nayo hufanya kazi nje ya ubongo. Ile ya ubongoni inaitwa Tph2. Naomba mlishike jina hili la Tph1, kwa sababu nitalirudia.

Mtu wa kwanza kutushawishi kwamba serotonini ni kongwe kuliko neva zenyewe alikuwa mwanasayansi wa Urusi, Gennady Buznikov, aliyeikuta ndani ya mayai yaliyorutubishwa ya wanyama wadogo wa baharini wenye miiba pande zote. Viinitete hivyo vilikuwa na seli chache tu, havikuwa na neva hata moja, na bado serotonini ilikuwamo ikishiriki katika mgawanyiko wa seli. Tangu hapo ikawa vigumu kuendelea kuiita kemikali ya ubongo peke yake.

Sasa tuutazame moyo. Kwa binadamu, moyo huanza kudunda kiasi cha siku ya 22 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Siku hiyo ni mrija tu. Katika wiki zinazofuata mrija huo hujikunja, sehemu zake huvimba na kuwa vyumba, kuta huota za kuvigawa vyumba hivyo, na kufikia wiki ya nane umbo lake kuu limekamilika. Kasoro nyingi za moyo za kuzaliwa nazo, ambazo humpata karibu mtoto 1 katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, huwa zimekwisha kutokea kabla ya wiki hiyo ya nane.

Ndani ya mrija huo kuna mahali pawili ninapotaka tupatazame kwa karibu.

Pa kwanza ni ukuta wa ventrikali, yaani chumba cha moyo kinachosukuma damu nje. Mwanzoni ukuta huo ni mwembamba, wa tabaka chache za seli, na hauna mishipa yake ya damu, hivyo seli zake hulishwa na damu inayopita ndani ya moyo wenyewe. Ili ukuta uweze kunenepa bila seli za katikati kufa njaa, upande wake wa ndani huota vijihimili vingi vya misuli vinavyochomoza kuelekea kwenye damu, vikiufanya uonekane kama sifongo. Wanaanatomia huviita trabekula. Ventrikali isiyoota trabekula haina nguvu ya kusukuma damu inayohitajiwa na kiinitete kinachokua, na kiinitete hicho hufa.

Mwaka 2000, kundi la Canan Nebigil na Luc Maroteaux nchini Ufaransa lilieleza habari za panya waliozaliwa bila kipokezi kimoja cha serotonini, kile kinachoitwa 2B. Niseme kwamba kipokezi ni protini inayokaa juu ya ngozi ya seli ikingoja kemikali yake, na serotonini inavyo vipokezi vya aina zaidi ya kumi. Kwa kuondoa kimoja tu kati ya hivyo, sehemu ya viinitete ilikufa katikati ya mimba, na vilipopasuliwa ilionekana kwamba ventrikali zao hazikuwa na trabekula za kutosha. Wengine walizaliwa hai, lakini ventrikali zao zilikuwa changa na nyembamba kwa sababu seli za misuli hazikugawanyika vya kutosha, na baadhi yao wakafa katika siku za kwanza. Hata wale waliofikia utu uzima walikuwa na mioyo iliyotanuka na nyuzi za misuli zilizopangika ovyo.

Jambo lililonivutia zaidi katika kazi hiyo, kupita hata idadi ya vifo, ni kwamba ndani ya mioyo hiyo protini inayoitwa ErbB2 ilikuwa imepungua. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1995, maabara nyingine zilikuwa zimeonyesha kwamba panya aliyekosa ErbB2, au mwenzake ErbB4, au neuregulini ambayo ni ujumbe unaozigusa protini hizo, hufa kiasi cha siku ya 10 ya mimba akiwa hana trabekula. Kumbukeni kwamba mimba ya panya huchukua kama siku 19 hadi 20. Kumbe serotonini haikuwa imeanzisha njia yake ya pembeni. Ilikuwa imeungana na njia iliyokwisha kujulikana, ikiipa nguvu kwa kupitia kipokezi cha 2B. Kwa maoni yangu, huo ndio ushahidi ulio imara kuliko wote katika somo hili, kwa sababu unaunganisha kemikali, kipokezi, protini iliyo chini yake na umbo la moyo katika mnyororo mmoja.

Mahali pa pili ni pale vali zinapotokea. Kati ya atiria, yaani chumba kinachopokea damu, na ventrikali, na pia kwenye mlango wa kutokea damu, ukuta wa ndani wa mrija huvimba na kufanya vinundu laini kama mito ya kulalia, vilivyojaa ute. Seli za utando wa ndani hujibandua kutoka kwa wenzao, zikabadilika tabia, zikazama ndani ya ute huo na kuanza kutambaa. Vinundu hivyo ndivyo vitakavyochongwa kuwa vali na sehemu ya kuta zinazogawa vyumba. Katika mlango wa kutokea damu huungana na wageni, yaani seli zilizohama kutoka ukingo wa mrija wa neva (ule utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo), ambazo husaidia kuutenganisha mshipa mkuu unaokwenda mwilini na ule unaokwenda mapafuni.

Jean Lauder na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walikuza viinitete vya panya katika chupa, wakaviwekea serotonini, na kuona kwamba kwa kipindi kifupi misuli iliyozunguka vinundu hivyo huifyonza kwa pupa. Ufyonzaji huo hufanywa na protini maalumu ya usafirishaji, ileile ambayo chembe sahani huitumia, na ileile ambayo dawa nyingi za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, huizuia. Viinitete vilipokuzwa pamoja na dawa hizo, au pamoja na serotonini nyingi kupita kiasi, mgawanyiko wa seli katika moyo ulipungua. Maana yake ni kwamba misuli hiyo inawezekana hufanya kazi ya mlinda mlango: huiondoa serotonini mahali isipotakiwa ili kiwango kinachozifikia seli zinazotambaa kiwe kile kinachofaa. Mwaka 1997 Maroteaux na wenzake walikuwa wamejaribu kinyume chake, kwa kukifunga kipokezi cha 2B kwa dawa katika viinitete vilivyokuzwa hivyohivyo, na kasoro zikaonekana katika moyo na katika seli zinazotoka ukingo wa mrija wa neva.

Mmeona tunakoelekea. Ikipungua moyo huharibika, na ikizidi moyo huharibika pia. Kundi lilelile la Ufaransa lilionyesha mwaka 2003 kwamba panya aliyeongezewa vipokezi vya 2B katika misuli ya moyo huwa na moyo ulionenepa isivyostahili, na mitokondria zake, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, hazifanyi kazi sawasawa. Nako kwa binadamu, mfano ulikwisha kujitokeza bila yeyote kuutafuta. Mwaka 1997 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani walieleza habari za wanawake 24 waliokuwa wakitumia dawa ya kupunguza uzito iliyochanganya fenfluramini na fentermini, ambao vali zao za moyo zilikuwa zimekakamaa na kuvujisha damu. Fenfluramini iliondolewa sokoni mwaka huohuo. Baadaye ikajulikana kwamba ndani ya mwili dawa hiyo hugeuzwa kuwa kitu kinachokisisimua kipokezi cha 2B kwa nguvu, na kwamba seli za vali za mtu mzima bado zina kipokezi hicho. Vali za namna hiyohiyo huonekana kwa wagonjwa wenye uvimbe unaomwaga serotonini kwenye damu, na kwao huathirika zaidi upande wa kulia, kwa kuwa mapafu huivunja serotonini nyingi kabla haijafika kushoto. Mwaka 2020 fenfluramini ilirudi Marekani kwa dozi ndogo kutibu aina moja kali ya kifafa cha watoto, kwa sharti kwamba moyo upimwe mara kwa mara kwa picha za mawimbi ya sauti. Vali za mtu wa miaka arobaini, kwa hiyo, hazijaisahau lugha zilizosemeshwa nayo zilipokuwa vinundu vya ute.

Lipo suala la upande, nalo nitalipitia haraka kwa sababu bado lina mabishano. Mrija wa moyo hujikunja kuelekea kulia, na hiyo ni mojawapo ya tofauti za mwanzo kabisa za kulia na kushoto zinazoonekana kwa macho. Mwaka 2005 maabara ya Michael Levin ilionyesha kwamba ukivuruga serotonini katika kiinitete cha chura au cha kuku, moyo na viungo vingine huweza kukaa upande usio wake, na ikapendekeza kwamba serotonini husukumwa upande mmoja wakati kiinitete kikiwa na seli chache. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Martin Blum wakaja na maelezo mengine: kwamba serotonini inahitajika ili kutengeneza kile kipande cha tishu chenye vinyweleo vinavyozunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto. Mimi naegemea maelezo haya ya pili, kwa sababu yanaafikiana na yale yaliyoonekana kwa panya mwaka 1998 kuhusu majimaji hayo. Lakini pande zote mbili zinakubaliana kwamba bila serotonini chura hupoteza mwelekeo wake.

Nirudi sasa kwenye swali ambalo mkunga angeliuliza kwanza: serotonini yote hii inatoka wapi, ikiwa kiinitete hakina utumbo unaofanya kazi wala neva za kuitengeneza?

Inatoka kwa mama. Mwaka 2007, Francine Côté na wenzake nchini Ufaransa waliwachukua panya majike waliokosa ile jeni ya Tph1 niliyowaomba mlishike jina lake, wakawapandisha kwa madume kwa namna ambayo baadhi ya watoto wangekuwa na jeni hiyo na wengine wasingekuwa nayo. Mtu angetarajia kwamba mtoto mwenye jeni nzima atakua vizuri. Haikuwa hivyo. Watoto wa majike hao walikuwa wadogo kuliko kawaida na ubongo wao ulikuwa na kasoro, wawe na jeni au wasiwe nayo. Kilichoamua hali ya mtoto kilikuwa damu ya mama yake. Kasoro zilianza kabla neva za mtoto za kutengeneza serotonini hazijatokea.

Mwaka 2011 Alexandre Bonnin na wenzake waliongeza jambo jingine, kwamba kondo la nyuma lenyewe huchukua triptofani ya mama na kuigeuza kuwa serotonini, na kwamba hiyo ndiyo inayoufikia ubongo wa mbele wa kijusi katika siku za mwanzo. Kondo la nyuma, ambalo tumezoea kulifikiria kama chujio, linageuka kuwa kiwanda. Nakiri kwamba niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba kondo hupitisha na kuzuia tu.

Hapa ndipo wengi hurukia hitimisho, nami naomba twende polepole. Mtu husikia kwamba dawa za sonona huzuia protini ya usafirishaji, husikia kwamba protini hiyo imo katika moyo wa kiinitete, akasema basi mjamzito aache dawa zake leo. Mantiki hiyo inavutia lakini inaruka hatua. Kiinitete cha panya ndani ya chupa huzungukwa na dawa kwa kiwango ambacho mtafiti amekichagua, hakina kondo la nyuma mbele yake, wala hakina mama wa kukirekebishia mambo. Kwa hiyo jaribio hilo hutuambia kinachoweza kutokea. Kujua kinachotokea kwa watu, hatuna budi kuwahesabu watu.

Walihesabiwa. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu paroksetini, mojawapo ya dawa hizo za sonona, baada ya takwimu za awali kuashiria ongezeko la kasoro za moyo kwa watoto ambao mama zao waliitumia katika miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2014 Krista Huybrechts na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 949,504 wa Marekani, ambao 64,389 kati yao walitumia dawa za sonona katika miezi hiyo mitatu. Kabla ya marekebisho yoyote, kasoro za moyo zilikuwa 90.1 kwa kila watoto 10,000 wa waliotumia dawa, na 72.3 kwa kila 10,000 wa wasiotumia. Ukiishia hapo utasema dawa ina hatia. Lakini wanawake wenye sonona hutofautiana na wengine kwa mambo mengi: magonjwa mengine kama kisukari, uvutaji sigara, dawa nyingine wanazotumia. Walipolinganishwa wenye sonona kwa wenye sonona, na tofauti hizo zikazingatiwa, kwa zile dawa zinazozuia ufyonzaji wa serotonini uwiano wa hatari (ambapo 1 maana yake ni hakuna tofauti) ulishuka kutoka 1.25 hadi 1.06, na kiwango hicho hakitofautiki kitakwimu na kutokuwapo kwa hatari yoyote ya ziada.

Uwiano wa 1.06 hauifuti kazi ya Nebigil wala ya Lauder. Trabekula bado zinahitaji kipokezi cha 2B, na vinundu bado vinaifyonza serotonini. Unachotuambia ni kwamba mwili wa mama na kondo lake wana nafasi ya kuyumba kidogo bila moyo wa mtoto kuharibika, wakati panya aliyeng'olewa jeni nzima hana nafasi hiyo. Kunyimwa kipokezi tangu kutungwa mimba na kumeza kidonge kwa dozi ya tiba ni mambo mawili yaliyoachana mbali sana.

Kwa wauguzi waliomo humu, hilo lina matumizi ya moja kwa moja. Mama anayetumia dawa ya sonona na kugundua ana mimba ya wiki sita, kwa hesabu ya tangu hedhi ya mwisho, moyo wa mtoto wake umekuwa ukidunda kwa kiasi cha wiki moja kabla hajafika kliniki. Akiacha dawa ghafla kwa hofu, hageuzi yaliyokwisha kujengeka, na anaweza kurudiwa na ugonjwa ambao nao una madhara yake kwa mimba: kutokula, kutolala, kukosa kliniki, na wakati mwingine kutaka kujidhuru. Anachopaswa kufanya ni kumwona daktari wake na dawa hiyo mkononi. Huenda daktari akaiendeleza, akapunguza dozi, au akabadilisha, hasa ikiwa ni paroksetini na mwanamke bado anapanga tu kushika mimba. Na kipimo cha picha cha katikati ya mimba, kati ya wiki ya 18 na ya 22, kinaweza kuonyesha vyumba vinne vya moyo na milango yake miwili ya kutokea damu, yaani mahali palepale tulipopatazama leo.

Nimemaliza yaliyo yangu. Nitapokea maswali, nikianza na la mama yule wa mstari wa pili ambaye mkono wake uko juu tangu nilipoitaja paroksetini kwa mara ya kwanza.